Kwa Nani

Kijana wa bodaboda alinipa kofia ngumu
yenye jasho la waliotangulia,
akanyoosha kiganja. "Mama, nipe lokesheni."
Nikamwambia, Keko Machungwa.
"Keko kubwa, mama."
Basi ukiwapita mafundi vitanda,
pale panaponuka vanishi na mninga,
kata kushoto kwa Mzee Mindu
aliyeandika ukutani LEO TASLIMU KESHO MKOPO
na bado akatukopesha leo.
Toka bombani hesabu milango mitatu.
Ukisikia redio mbili zinagombana
ni Kidawa na mumewe. Sisi tunafuatia.

Alinitazama kama niliyemtajia bei kwa senti.

Tukaenda.
Sikuja kulilia barabara, na iseme mwenyewe:
imempanda mwenzake mgongoni, inapita.
Treni ya umeme imenitoa Dodoma asubuhi,
nikapitiwa na usingizi mara moja, nikaona Pugu.
Zamani ilikuwa usiku mzima
na kuku wa mtu mapajani.
Wala siliombolezi jiko la maranda:
tulisimamisha chupa katikati ya debe,
tukashindilia vumbi la mbao kuizunguka,
tukaichomoa polepole, likabaki koo la moto,
na mama akapika maharage
analia bila msiba.
Leo kila mlango una mtungi wa gesi.
Miaka ishirini na sita nimesikiliza vifua vya watu Manyoni.
Gesi ni bora. Nasema.

"Umefika," simu ikasema,
kwa sauti ya mwanamke asiye na kwao.

Geti jeusi. Kamera juu yake, inageuka.
Ndani, mtu anasugua zulia, simuoni.
Pembeni kimebaki kipande cha ukuta wetu
kimeegemea ukuta wa watu,
na rangi nyekundu ya kaka yangu Shomari:
HAIUZ
Nyumba Hii Haiuzwi, aliandika ile wiki ya arobaini ya mama,
herufi kubwa, ulimi nje kama mtoto wa darasa la pili.
Shomari huyohuyo ndiye aliyeuza.
Nami nilitia sahihi, kwa faksi.

Halafu kibao kipya cha anwani, juu ya nguzo:
NJIA YA SIWEMA.
Kijana akacheka. "Njia ya si wema!
Kwani hapa wanakaa wakorofi?"

Bi Siwema ndiye aliyeshika ufunguo wa bomba.
Niliruka foleni, akanichapa na kipande cha mpira,
akaona nalia, akanibebea ndoo hadi mlangoni,
ananitukana njia nzima.
Kukiwa na msiba, bomba halikuwa na bei.

"Alikuwa diwani?"

Nikamuuliza binti wa kibanda cha miamala.
Hakuinua macho. "Bi Siwema?
Hilo jina la njia tu, shangazi."

Jua lilikuwa limesimama wima.
Randa za mashine zilipiga kelele mtaa wa pili,
moja ikakwama, ikaendelea.
Kijana akazima pikipiki,
na sasa aliuliza taratibu, bila simu mkononi:
"Mama, kwani ulikuwa unakwenda kwa nani?"

Nilifungua mkoba. Noti ilikuwa kubwa, hana chenji.
"Tuma tu."
Nikabonyeza namba zake, moja moja, kama dawa ya matone,
na simu, kabla haijachukua elfu tatu zangu, ikaniuliza:
Unatuma kwa LUHENDE MAGANGA. Thibitisha.

Jina la kwanza nililopewa Keko siku ile.

"Luhende," nikamwita. Akashtuka kama aliyeguswa bega.
"Kwenu wapi?"

Akavua kofia, akaiweka juu ya tangi la mafuta.
"Kwetu? Ukishuka Isaka,
usiulize nyumba, hawazijui kwa namba.
Uliza mashine ya kusaga ya mama Ng'holo,
ukiona mbwa mweupe amelala njiani
usimwogope, mpite,
halafu…"